Karel Čapek: Mtunzi wa roboti aliyehofia binadamu kugeuzwa mashine

MASHABIKI wa filamu za kubuni za kisayansi hawahitaji kuelezwa roboti ni nini. Jua likishatua na shughuli za mchana kukamilika, familia nyingi huketi mbele ya runinga kutazama mitambo yenye umbo la binadamu ikifyatuliana risasi, ikibomoa majumba na kuwawinda watu barabarani.

Kuanzia The Terminator ya mwaka wa 1984 hadi I, Robot ya mwaka wa 2004, kisa katika nyingi ya filamu hizo ni kile kile. Binadamu anaunda mtumishi, mtumishi anapata nguvu na akili, kisha anamgeukia bwana wake.

Wachache miongoni mwa watazamaji hao hufahamu kwamba neno roboti halikutoka katika maabara ya wanasayansi wala karakana ya wahandisi. Lilitoka jukwaani, katika tamthilia ya mwandishi Mcheki, Karel Čapek, ambaye jina lake la pili hutamkwa Chapek.

Čapek, aliyeaga dunia siku ya Krismasi mwaka wa 1938 akiwa na umri wa miaka 48, hakuwa na haja ya kuwaburudisha watu kwa milipuko. Roboti wake hawakuwa hata wa chuma. Walikuwa viumbe wenye ngozi na damu, wasioweza kutofautishwa na watu ila kwa kukosa hisia.

Aliwatumia viumbe hao kuuliza swali lililomsumbua maishani mwake mwote: itakuwaje siku binadamu atakapothaminiwa kwa kazi ya mikono yake pekee, na moyo wake kuonekana kuwa gharama isiyohitajika?

Swali hilo hatimaye lilibisha hodi mlangoni pake mwenyewe.

MWANA WA DAKTARI

Karel Čapek alizaliwa Januari 9, 1890 katika kijiji cha Malé Svatoňovice, kaskazini mashariki mwa Bohemia. Eneo hilo, ambalo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, lilikuwa wakati huo chini ya Himaya ya Austria na Hungaria.

Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto watatu. Dadake, Helena, ndiye aliyekuwa kifungua mimba, naye Josef, aliyezaliwa mwaka wa 1887, akafuata.

Baba yao, Antonín, alikuwa daktari katika eneo la wachimbaji wa makaa ya mawe. Mama yao, Božena, alipenda kukusanya ngano na masimulizi ya wenyeji. Karel angali mtoto mchanga, familia hiyo ilihamia mji mdogo wa Úpice, uliokuwa na viwanda vya nguo.

Hivyo basi, tangu utotoni alizoea kuwaona watu ambao riziki yao ilitegemea mashimo ya makaa na mitambo ya kufumia nguo. Wengi wao aliwaona walipokuja kumtafuta babake ili awatibu.

Karel na Josef walikuwa chanda na pete. Mmoja alipenda kalamu na mwingine brashi ya rangi, lakini kwa miaka mingi waliandika pamoja na kuishi jirani. Itakumbukwa kwamba hata neno lililompa Karel umaarufu duniani lilitoka kinywani mwa nduguye huyo.

Masomo yake hayakuwa mteremko. Mnamo 1905 alilazimika kuondoka katika shule ya upili mjini Hradec Králové baada ya kugunduliwa kuwa mwanachama wa kundi la siri la wanafunzi. Aliendelea na masomo Brno, alikokuwa akiishi dadake, kisha akakamilisha Prague.

Baadaye alisomea falsafa katika Chuo Kikuu cha Charles jijini Prague. Alipitia pia vyuo vya Berlin na Paris kabla ya kutunukiwa shahada ya uzamifu mwaka wa 1915.

Akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, alipatikana na maradhi ya uti wa mgongo yaliyomkazia viungo na kumtia maumivu. Tangu hapo alitembea kwa kutegemea mkongojo, na hakuweza kugeuza shingo bila kugeuza mwili mzima.

Ni maradhi hayo yaliyomwepusha na uwanja wa vita. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, vijana wa rika lake walipelekwa kwa mamia ya maelfu kupigania himaya ambayo wengi wao hawakuipenda. Čapek alibaki nyumbani akisoma orodha za waliofariki.

Alichokiona katika vita hivyo ni watu kuhesabiwa kama shehena: wakivalishwa sare, wakipewa nambari na kumwagwa mbele ya bunduki za rashasha. Wasomi wengi wa kazi zake huamini kwamba hapo ndipo mbegu ya roboti ilipopandwa.

Mnamo 1917, baada ya miezi michache ya kumfundisha mtoto wa kabaila mmoja katika kasri ya Chyše, alijiunga na gazeti la Národní listy. Uanahabari ukawa kazi yake hadi alipofariki.

MCHANGO WA NDUGU

Čapek mwenyewe alisimulia jinsi neno roboti lilivyozaliwa. Wazo la tamthilia lilimjia ghafla, akamwendea Josef aliyekuwa amesimama mbele ya turubai akichora picha, brashi ikiwa mdomoni.

Karel alimweleza nduguye kisa hicho kwa ufupi, kisha akamwambia kwamba alikuwa amekwama. Hakujua awaite nini wafanyakazi hao wa kuundwa. Alikuwa amefikiria jina lenye asili ya Kilatini lenye maana ya kazi, lakini lilionekana kuwa la kitabuni mno.

Bila kuacha kuchora na bila kutoa brashi mdomoni, Josef alinong'ona kwamba awaite roboti. Mambo yakaishia hapo.

Kwa miaka mingi sifa zote zilimwendea Karel. Ni yeye mwenyewe aliyeandika gazetini mwaka wa 1933 kueleza kwamba Josef ndiye aliyelibuni neno hilo.

Josef hakulitoa hewani. Kwa Kicheki, robota ni kazi ya kulazimishwa ambayo wakulima walimfanyia kabaila siku kadhaa kila wiki bila malipo, kwa sababu tu walizaliwa katika ardhi yake. Katika nchi za Himaya ya Austria, desturi hiyo ilikomeshwa mwaka wa 1848.

Kiswahili nacho kina neno lake la kazi ya aina hiyo: shokoa. Anayetaka kuielewa roboti ya Čapek ni heri aanzie hapo. Kwa masikio ya Mcheki wa mwaka wa 1920, roboti alikuwa mtu wa shokoa, mjukuu wa mtumwa wa shambani aliyehamishiwa kiwandani.

KIWANDA KISIWANI

Tamthilia ya R.U.R. ilichapishwa mwaka wa 1920. Herufi hizo ni kifupisho cha jina la kampuni ya kubuni, Roboti wa Rossum kwa Kazi Zote. Jina Rossum lenyewe ni mchezo wa maneno, kwani linafanana na neno la Kicheki lenye maana ya akili.

Kampuni hiyo ina kiwanda kisiwani. Mzee Rossum, mwanasayansi aliyetaka kuthibitisha kwamba Mungu hahitajiki, aligundua kemikali inayoweza kuwa hai na akajaribu kuunda mtu kamili. Mwana wa nduguye, aliyekuwa mhandisi, aliuona mpango huo kuwa upotevu wa wakati.

Mhandisi huyo alijiuliza mfanyakazi anahitaji nini hasa. Akaondoa furaha, muziki, mapenzi na kila kitu kisichomsaidia mtu kuzalisha mali. Kilichobaki ndicho roboti: kibarua mwenye nguvu, kumbukumbu nzuri na gharama ndogo.

Hapo ndipo ilipo ncha ya tamthilia hiyo. Roboti wa Čapek ni binadamu aliyepunguzwa. Kiwanda hakikuanza na mashine na kuiongezea akili, kama ilivyo katika filamu nyingi. Kilianza na mtu, kikampunguza hadi akafaa kuuzwa.

Harry Domin, meneja mkuu wa kiwanda, si mtu mbaya. Anaota dunia isiyo na umaskini, ambamo hakuna mtu atakayevunjika mgongo kwa kazi. Wenye hisa nao wanataka faida, na serikali zinataka askari wasioogopa kufa. Kila mmoja ana sababu inayoeleweka, na ni sababu hizo zinapojumlishwa zinapoiangamiza dunia.

Kadiri roboti wanavyoongezeka, ndivyo watu wanavyokosa la kufanya, na wanawake wanaacha kuzaa. Helena, binti aliyefika kisiwani kutetea haki za roboti na kuishia kuolewa na Domin, anamshawishi mwanasayansi mmoja kuwapa baadhi yao kitu kinachokaribia roho. Anaamini kwamba wakiwa na roho hawatawachukia watu tena.

Matokeo yanakuwa kinyume. Kwa kupata hisia, roboti wanatambua kwamba wao ni watumwa, na uasi unaenea duniani kote. Helena naye, akiwa na nia njema, anazichoma karatasi zenye siri ya kuwatengeneza.

Roboti wanawaua watu wote isipokuwa mmoja, mjenzi mzee aitwaye Alquist. Wanamhurumia kwa sababu anafanya kazi kwa mikono yake kama wao.

Ushindi huo hauwafai kitu. Roboti hawazai, maisha yao ni ya miaka kama ishirini tu, na siri ya kutengeneza wengine imeteketea. Wanampigia Alquist magoti awasaidie, naye hana uwezo.

Mwishoni, mzee huyo anagundua kwamba roboti wawili, wa kiume na wa kike, wamependana kiasi kwamba kila mmoja yuko tayari kufa badala ya mwenzake. Anawaacha waende zao, wakawe Adamu na Hawa wapya.

UMAARUFU WA GHAFLA

Tamthilia hiyo ilionyeshwa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo jijini Prague Januari 25, 1921. Kufikia mwaka wa 1923 ilikuwa imetafsiriwa katika lugha zipatazo thelathini.

Jijini New York ilianza kuigizwa Oktoba 1922 na ikaonyeshwa zaidi ya mara 180. Miongoni mwa vijana walioigiza roboti humo ni Spencer Tracy, ambaye baadaye alikuwa nyota mkubwa wa filamu za Marekani.

London ilipoipokea mwaka wa 1923, waandishi mashuhuri George Bernard Shaw na Gilbert Keith Chesterton walishiriki mjadala wa hadhara kuhusu maana yake. Čapek alijibu mjadala huo kwa maandishi. Alieleza kwamba wakosoaji walikuwa wakizungumzia roboti kupita kiasi, ilhali yeye alikuwa amewaandikia watu.

Hata hivyo, neno hilo lilikuwa limekwisha kumponyoka. Mwaka wa 1927, filamu ya Kijerumani Metropolis iliwaonyesha watazamaji mwanamke wa chuma. Mwaka uliofuata, mtambo wenye umbo la mtu uliopewa jina Eric ulizinduliwa katika maonyesho jijini London, ukiwa umeandikwa R.U.R. kifuani.

Tangu hapo, roboti akavaa chuma na hajakivua. Mnamo 1935, Čapek aliandika makala katika gazeti la Lidové noviny akikana kwamba aliwahi kuamini nyaya na magurudumu vinaweza kuwa na uhai, kupenda au kuasi. Wazo hilo, kwake, lilikuwa kuithamini mashine kupita kiasi na kuudhalilisha uhai.

Kauli yake haikubadilisha chochote. Mtunzi wa Marekani Isaac Asimov aliendeleza hadithi za mashine zenye akili katika miaka ya 1940, na watengenezaji wa filamu wakafuata.

Filamu inayomkaribia Čapek zaidi pengine ni Blade Runner ya mwaka wa 1982. Viumbe walioundwa humo wana mwili wa nyama, wanaishi miaka minne tu, na wanamtafuta aliyewaunda ili kumwomba awaongezee siku. Mtazamaji anayeijua R.U.R. atawakumbuka roboti waliompigia magoti Alquist.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa kutazama filamu hizi nyumbani huenda hawalijui. Hadithi ya kwanza ya kubuni ya kisayansi kuwahi kuonyeshwa kwenye televisheni popote duniani ilikuwa ni R.U.R. yenyewe.

Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilirusha sehemu yake ya dakika 35 mnamo Februari 11, 1938. Ilikuwa ikiigizwa moja kwa moja, na walioweza kuiona ni wale wachache waliomiliki televisheni London na viunga vyake. Zilikuwa zimesalia miezi kumi tu kabla ya kifo cha Čapek.

GAZETI, BUSTANI NA RAIS

Ingekuwa makosa kudhani kwamba Čapek aliishi kwa roboti pekee. Mnamo 1921, yeye na Josef waliliacha gazeti la Národní listy kutokana na tofauti za kisiasa na kuhamia Lidové noviny, alikofanya kazi kwa miaka yote iliyosalia.

Aliandika karibu kila siku. Aliandika kuhusu siasa na uchaguzi, lakini pia kuhusu paka, mvua, mafua, jinsi gazeti linavyotengenezwa na uvivu wa mkulima wa bustani siku za baridi. Kitabu chake kuhusu bustani cha mwaka wa 1929, kilichochorwa na Josef, kingali kinasomwa, sawa na kile cha mwaka wa 1933 kuhusu mtoto wa mbwa aitwaye Dášeňka.

Kwake yeye, mambo hayo madogo ndiyo yaliyokuwa ubinadamu wenyewe. Ni yale ambayo mhandisi wa R.U.R. aliyaondoa kwa sababu hayakuwa na faida kiwandani.

Alisafiri Italia, Uingereza, Uhispania, Uholanzi na nchi za Skandinavia, na safari hizo zikazaa vitabu, vingi vikiwa na michoro yake mwenyewe. Mnamo 1924 alitembelea maonyesho makubwa ya Himaya ya Uingereza yaliyofanyika Wembley, London.

Alistaajabia mashine na wingi wa bidhaa zilizopangwa humo. Lakini alishangaa pia kwamba mamia ya mamilioni ya watu wasio Wazungu walioishi chini ya himaya hiyo, na ambao jasho lao ndilo lililozaa bidhaa hizo, hawakuonekana humo isipokuwa kwa sanamu chache za matangazo na wachuuzi wachache. Kenya, iliyotangazwa kuwa koloni mwaka wa 1920, ilikuwa miongoni mwa nchi za himaya hiyo.

Mwaka huo huo aliandika makala yaliyozua gumzo akieleza kwa nini hakuwa mkomunisti. Alisema moyo wake ulikuwa na maskini, na kwamba ni kwa sababu hiyo hiyo asingeweza kuunga mkono itikadi iliyowataka maskini wasubiri mapinduzi huku wakihitaji chakula leo.

Nyumbani kwake mtaani Vinohrady, Prague, waandishi, wasomi na wanasiasa walikutana kila Ijumaa kunywa chai na kujadiliana. Aliyefika mara kwa mara ni Tomáš Garrigue Masaryk, rais wa kwanza wa Chekoslovakia, taifa lililojipatia uhuru Oktoba 1918.

Kutokana na urafiki huo, Čapek aliandika vitabu vitatu vya mazungumzo na rais huyo. Vilimletea heshima kubwa, na baadaye maadui.

Mnamo Agosti 1935 alimwoa mwigizaji na mwandishi Olga Scheinpflugová, aliyekuwa mpenzi wake kwa miaka kumi na mitano. Walipewa nyumba ya kutumia mashambani huko Strž, karibu na mji wa Dobříš, ambayo leo ni makumbusho. Hawakujaliwa mtoto.

TISHIO LA MPAKANI

Adolf Hitler alikuwa ametwaa madaraka katika nchi jirani ya Ujerumani mnamo 1933. Čapek, aliyezoea kuandika kwa ucheshi, alibadilika na kuwa mmoja wa waandishi waliopaza sauti mapema dhidi ya Wanazi.

Mwaka wa 1936 alitoa riwaya kuhusu vita vya binadamu na salamanda, wanyama wa majini wanaofanana na mijusi. Nahodha mmoja anawakuta karibu na Sumatra na kuwafundisha kupiga mbizi kutafuta lulu. Muda si muda wanageuzwa kuwa vibarua wa dunia nzima, wakinunuliwa na kuuzwa kwa mamilioni.

Kisha mataifa yanawapa silaha, kila moja likiogopa kuachwa nyuma na jirani yake. Salamanda wanapoasi na kuanza kuyazamisha mabara, mataifa hayo hayo yanaketi mezani kuwapa ardhi ya wengine ili yenyewe yasalimike.

Čapek alikuwa amerudia kisa cha roboti, lakini safari hii kwa ghadhabu. Alieleza jinsi salamanda wanavyomfuata kiongozi mmoja bila kuuliza, na wasomaji wake hawakuhitaji kuambiwa alikuwa akimlenga nani.

Mwaka uliofuata alitoa tamthilia kuhusu ugonjwa unaowaua watu wa zaidi ya umri fulani huku dikteta akijiandaa kwa vita. Daktari mwenye dawa anakataa kumtibu dikteta na matajiri hadi wakubali kuleta amani. Anauawa na umati wa watu wenye kushangilia vita, na dawa yake inapondwa chini ya miguu yao.

Umati huo ndio roboti aliowaogopa Čapek. Walikuwa watu wa kawaida, wenye mama na watoto, waliokubali kuacha kufikiri.

Wakati huo jina lake lilikuwa likipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka baada ya mwaka. Hakuipata.

MWISHO WA MACHUNGU

Masaryk alifariki Septemba 1937. Mwaka mmoja baadaye, usiku wa kuamkia Septemba 30, 1938, viongozi wa Uingereza, Ufaransa, Italia na Ujerumani walitia saini mkataba mjini Munich ulioipa Ujerumani maeneo ya mpakani ya Chekoslovakia. Wenye nchi hawakuruhusiwa kushiriki.

Mkataba huo ulifanana mno na kikao alichokuwa amekieleza katika riwaya ya salamanda miaka miwili awali.

Rais Edvard Beneš, aliyemrithi Masaryk, alijiuzulu Oktoba na kwenda uhamishoni. Hasira za wananchi waliohisi kusalitiwa zilihitaji mtu wa kuzibeba, na Čapek, rafiki wa marais hao wawili, ndiye aliyekuwa amebaki.

Magazeti ya mrengo wa kulia yalimshambulia kwa majina. Alipokea barua zisizo na saini na simu za matusi mchana na usiku. Baadhi ya waliomtusi walikuwa watu wa nchi yake mwenyewe, ambao miezi michache awali walijivunia umaarufu wake.

Marafiki walimsihi atorokee Uingereza, ambako alikuwa na wasomaji wengi. Alikataa. Aliamini kwamba mwandishi hawezi kuwaacha watu wake siku ya dhiki kisha arudi kuwaandikia siku ya neema.

Vuli hiyo mafuriko yaliharibu bustani yake ya Strž. Čapek alitoka kwenye baridi kusaidia kuirekebisha, akashikwa na mafua ambayo mwili wake dhaifu haukuweza kuyahimili. Mafua yakageuka kuwa nimonia ya mapafu yote mawili.

Alifariki Prague jioni ya Desemba 25, 1938, na akazikwa katika makaburi ya Vyšehrad, wanakolala watu mashuhuri wa taifa lake.

Jeshi la Hitler liliingia Prague Machi 15, 1939. Inasimuliwa kwamba maafisa wa polisi wa siri wa Ujerumani, Gestapo, walifika nyumbani kwake kumkamata. Ilibidi wajulishwe na mjane wake kwamba walikuwa wamechelewa.

Josef hakuponyoka. Alikamatwa siku vita vilipoanza, Septemba 1, 1939, na kuzungushwa katika kambi za mateso za Dachau, Buchenwald, Sachsenhausen na hatimaye Bergen-Belsen. Humo kambini aliandika mashairi, yaliyochapishwa baadaye.

Alionekana mara ya mwisho Aprili 1945, majuma machache tu kabla ya vita kumalizika Ulaya. Mwili wake haukutambuliwa kamwe.

Hivyo mchoraji aliyelibuni neno roboti alimalizia maisha yake kambini, akiwa na nambari badala ya jina, chini ya walinzi waliotii kila amri.

Leo neno hilo limo katika kamusi za lugha nyingi duniani, Kiswahili kikiwemo. Limepewa mashine zinazounganisha magari viwandani, zinazowasaidia madaktari kufanya upasuaji na zilizotua katika sayari ya Mihiri, pamoja na majitu ya chuma yanayopigana kwenye runinga.

Ni nadra kwa yeyote kati ya wanaolitumia kumkumbuka mkulima wa Bohemia aliyeamka alfajiri kwenda kulima shamba lisilo lake, kwa siku alizohesabiwa na mtu mwingine. Karel na Josef Čapek, waliozaliwa miaka arobaini hivi tu baada ya shokoa hiyo kupigwa marufuku, walikuwa bado wanamkumbuka.